Mshahara wa Mwalimu na Saa Zake za Kazi: Hesabu Ambayo Mwananchi Anapaswa Kuifahamu

Kila ifikapo Mei Mosi, watumishi wa umma na familia zao husubiri kusikia neno moja: nyongeza ya mshahara. Mwaka 2025, katika maadhimisho yaliyofanyika kitaifa mkoani Singida, Rais Samia Suluhu Hassan alitangaza kuwa kima cha chini cha mshahara katika utumishi wa umma kingepanda kwa asilimia 35.1, kutoka Shilingi 370,000 hadi Shilingi 500,000 kwa mwezi, kuanzia Julai mwaka huo. Mwaka 2022 kima hicho kilikuwa kimepandishwa kwa asilimia 23.3, kutoka Shilingi 300,000 hadi 370,000.

Walimu ndio kundi kubwa zaidi katika utumishi wa umma nchini, hivyo kila tangazo la aina hiyo huamsha upya swali linaloulizwa na wazazi, walimu wenyewe na walipa kodi kwa ujumla: je, mwalimu analipwa kwa haki kulingana na saa anazofanya kazi? Wapo wanaosema kuwa mwalimu ana likizo ndefu na hutoka kazini mapema, hivyo hana sababu ya kulalamika. Wapo wanaosema kuwa kazi yake haina mwisho, kwa kuwa humfuata hadi nyumbani. Kila upande una sehemu ya ukweli. Ili kupata jibu, ni lazima mambo mawili yawekwe pamoja, yaani fedha anazolipwa na saa anazozitumikia. Fedha hutangazwa na kuandikwa. Saa, kwa sehemu kubwa, haziandikwi popote.

Mshahara hupangwa kwa daraja

Katika shule za umma za Tanzania Bara, mwalimu halipwi kwa saa wala kwa idadi ya vipindi. Analipwa kwa mwezi, kulingana na ngazi ya mshahara ya walimu ijulikanayo kama TGTS. Mwalimu mwenye cheti huanzia ngazi B, mwenye stashahada huanzia ngazi C, na mwenye shahada huanzia ngazi D. Kutoka hapo hupanda kwa nyongeza ya mwaka ndani ya ngazi, na kwa kupandishwa cheo kutoka ngazi moja hadi nyingine.

Wananchi wengi hudhani kwamba asilimia inayotangazwa Mei Mosi humhusu kila mtumishi kwa kiwango kilekile. Sivyo. Asilimia 23.3 ya mwaka 2022 na asilimia 35.1 ya mwaka 2025 zilihusu kima cha chini cha mshahara. Watumishi wa ngazi zilizo juu ya kima hicho hupata nyongeza kwa viwango tofauti. Kwa hiyo mwalimu mwenye shahada aliyesikia tangazo hilo redioni hakupaswa kuizidisha asilimia hiyo kwenye mshahara wake wote, na mzazi aliyelisikia hakupaswa kudhani kuwa mwalimu wa mwanawe ameongezewa zaidi ya theluthi moja.

Majukumu ya taasisi nayo yamegawanyika. Ofisi ya Rais, Menejimenti ya Utumishi wa Umma na Utawala Bora, ndiyo inayosimamia miundo ya utumishi, ngazi za mishahara na vibali vya ajira. Tawala za Mikoa na Serikali za Mitaa (TAMISEMI) husimamia shule na walimu kupitia halmashauri. Wizara ya Elimu, Sayansi na Teknolojia huandaa sera na kusimamia ubora wa elimu. Tume ya Utumishi wa Walimu, iliyoundwa kwa Sheria Na. 25 ya mwaka 2015 na kuanza kazi Julai 2016, hushughulikia masuala ya kiutumishi ya mwalimu, yakiwemo kuthibitishwa kazini, kupandishwa cheo na nidhamu.

Kinachofika mkononi

Kabla ya kuhesabu saa, ni vyema kuona mshahara unavyofika kwa mwalimu. Ichukuliwe, kwa ajili ya mfano tu, mwalimu mwenye mshahara wa Shilingi 800,000 kwa mwezi. Mchango wake wa asilimia 5 katika Mfuko wa Hifadhi ya Jamii kwa Watumishi wa Umma (PSSSF) ni Shilingi 40,000, huku mwajiri akichangia asilimia 15. Mchango wake wa bima ya afya wa asilimia 3 ni Shilingi 24,000, na mwajiri huchangia kiasi kama hicho. Kodi ya mapato, ikikokotolewa baada ya kutoa mchango wa pensheni, ni Shilingi 68,000. Hadi hapo anabakiwa na Shilingi 668,000.

Ikiwa alisoma kwa mkopo wa Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu na bado anadaiwa, asilimia 15 ya mshahara wake, yaani Shilingi 120,000, hurejeshwa kila mwezi. Anabaki na Shilingi 548,000, kabla ya ada ya chama cha wafanyakazi kwa aliye mwanachama na kabla ya mkopo wowote wa benki.

Makato hayo si hasara tupu. Pensheni na bima ni mali yake ya baadaye na kinga yake ya sasa, na deni la masomo lina mwisho. Aidha, mwaka 2021 Serikali ilipunguza kiwango cha chini cha kodi ya mapato ya mshahara kutoka asilimia 9 hadi 8, na ikafuta tozo ya asilimia 6 ya kulinda thamani ya mkopo iliyokuwa ikiongezwa juu ya deni la wanufaika wa mikopo. Hata hivyo, mfano huu unaeleza kwa nini mwalimu na mwananchi wanaweza kutaja mshahara uleule wakiwa na tarakimu mbili tofauti vichwani.

Sheria inasemaje kuhusu saa

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, Na. 6 ya mwaka 2004, imeweka ukomo wa saa za kawaida za kazi kuwa 9 kwa siku, 45 kwa wiki, na siku 6 kwa wiki. Kazi inayozidi hapo ni ya muda wa ziada. Sheria hiyo inataka muda wa ziada ufanyike kwa makubaliano, usizidi saa 50 katika kipindi cha wiki nne, na ulipwe kwa kiwango kisichopungua mara moja na nusu ya mshahara wa kawaida wa saa.

Katika ofisi za umma, saa za kazi zilizozoeleka ni kuanzia saa 1:30 asubuhi hadi saa 9:30 alasiri, Jumatatu hadi Ijumaa. Hiyo ni saa 8 kwa siku na 40 kwa wiki.

Ugumu kwa mwalimu huanzia hapa. Karani anapofunga ofisi saa 9:30, jalada hubaki mezani. Mwalimu anapotoka shuleni, madaftari huondoka naye. Saa anazozitumia usiku kusahihisha hazikuagizwa na mtu kwa maandishi, hakuna kitabu zinamoandikwa, na kwa hiyo utaratibu wa malipo ya muda wa ziada hauzifikii. Kisheria ni kama hazipo, ingawa kazi iliyofanyika inaonekana asubuhi yake katika kila daftari lenye alama ya kalamu nyekundu.

Hoja ya likizo

Hoja ya kwamba mwalimu ana likizo ndefu haipaswi kupuuzwa, kwa kuwa ina msingi. Kalenda ya mihula ya shule nchini ina siku 194 za masomo kwa mwaka. Mtumishi wa ofisini hufanya kazi siku nyingi zaidi ya hizo.

Hesabu yake ni nyepesi. Mwaka una siku 365. Zikitolewa Jumamosi na Jumapili, hubaki 261. Likizo ya mwaka ya siku 28 mfululizo huondoa siku 20 za kazi, na zinabaki 241. Zikiondolewa sikukuu zinazoangukia siku za kazi, ambazo hapa zichukuliwe kuwa 12, mtumishi wa ofisini hubakiwa na siku 229. Kwa saa 8 kila siku, anafanya kazi saa 1,832 kwa mwaka.

Ili mwalimu afikishe saa hizo 1,832 ndani ya siku 194 za masomo, anapaswa kufanya kazi wastani wa saa 9 na dakika 27 kila siku ya shule, yaani takriban saa 47 kwa wiki. Huo ndio mstari wa kupimia. Mwalimu anayefanya kazi chini ya saa 47 kwa wiki, na ambaye likizo zake zote ni za mapumziko, anafanya saa chache kuliko mtumishi wa ofisini mwenye mshahara sawa na wake. Anayezidi saa 47 anafanya saa nyingi zaidi kwa fedha zilezile, hata kama likizo yake yote ni mapumziko.

Kwa hiyo likizo pekee haimalizi mjadala. Inachofanya ni kuhamishia swali kwenye wiki ya shule: mwalimu hutumia saa ngapi kwa wiki?

Wiki ya mwalimu mwenye madarasa ya wanafunzi 80

Saa za mwalimu hutegemea shule, somo na idadi ya wanafunzi, hivyo hakuna tarakimu moja inayowafaa wote. Mfano ufuatao ni wa kuonyesha njia ya kuhesabu, na mzazi au mjumbe wa kamati ya shule anaweza kuweka tarakimu za shule yake.

Ichukuliwe mwalimu wa shule ya msingi mwenye vipindi 24 kwa wiki katika mikondo mitatu, kila mkondo ukiwa na wanafunzi 80. Kwa kipindi cha dakika 40, kufundisha darasani kunachukua saa 16. Hizo ndizo saa ambazo mpita njia huziona.

Nyuma ya kila kipindi kuna maandalizi. Mwalimu hutakiwa kuwa na azimio la kazi, andalio la somo na zana za kufundishia. Zikihesabiwa dakika 15 tu kwa kila kipindi, maandalizi hufikia saa 6 kwa wiki.

Kisha kuna kusahihisha. Mikondo mitatu ya wanafunzi 80 ni madaftari 240. Akitumia dakika 2 kwa kila daftari, muda ambao ni mfupi kwa zoezi la Hisabati na mfupi zaidi kwa insha ya Kiswahili, zoezi moja linachukua dakika 480, sawa na saa 8. Akitoa mazoezi mawili tu kwa wiki, anahitaji saa 16. Kusahihisha kumelingana na kufundisha.

Bado kuna mstari wa asubuhi, mahudhurio, zamu, usafi wa mazingira, vikao vya walimu, kuingiza taarifa na alama katika mifumo, ushauri kwa wanafunzi, kukutana na wazazi, na vikao vya mafunzo endelevu ya walimu kazini (MEWAKA). Shughuli hizo zikichukua saa moja na nusu kwa siku, ni saa 7 na nusu kwa wiki. Jumla inafikia saa 45 na nusu. Mwalimu wa darasa la mtihani anayetumia saa 4 zaidi kuwasaidia wanafunzi walio nyuma anafikia saa 49 na nusu.

Mwalimu huyo amevuka mstari wa saa 47. Amevuka pia ukomo wa kisheria wa saa 45 za kawaida. Kwa mwaka wa siku 194, amefanya kazi takriban saa 1,920. Ikiwa mshahara wake ni ule wa mfano wa Shilingi 800,000, kila saa imemlipa takriban Shilingi 5,000, ilhali mtumishi wa ofisini mwenye mshahara huohuo amelipwa takriban Shilingi 5,240 kwa saa. Akifanya kazi siku 10 za likizo, kwa saa 8 kila siku, thamani ya saa yake inashuka hadi karibu Shilingi 4,800.

Ukubwa wa darasa ni sehemu ya mshahara

Mwalimu huyohuyo, mwenye mshahara uleule na vipindi vilevile, sasa ahamishiwe shule ambayo kila mkondo una wanafunzi 45, ambacho ndicho kiwango kinacholengwa katika shule za msingi. Madaftari yake yatakuwa 135 badala ya 240. Zoezi moja litahitaji saa 4 na nusu, na mazoezi mawili saa 9. Wiki yake inashuka kutoka saa 49 na nusu hadi 42 na nusu. Yuko chini ya mstari wa saa 47 na ndani ya ukomo wa sheria. Thamani ya saa yake inapanda hadi takriban Shilingi 5,820.

Tofauti kati ya saa ya Shilingi 5,000 na ile ya Shilingi 5,820 ni zaidi ya asilimia 16, na imepatikana bila ngazi ya mshahara kuguswa. Kwa maneno mengine, kibali cha kuajiri walimu wapya ni nyongeza ya mshahara kwa walimu waliopo, kwa kuwa kinapunguza saa ambazo mshahara wao unagawanywa kwazo. Kinyume chake pia ni kweli. Idadi ya wanafunzi inapoongezeka bila walimu kuongezeka, mshahara wa mwalimu unapungua kwa saa, hata kama hati yake ya mshahara inaonyesha kiasi kilekile.

Tangu Januari 2016, utekelezaji wa elimu bila ada kuanzia elimu ya awali hadi kidato cha nne umefungua milango ya shule kwa watoto ambao awali wangebaki nyumbani, na mwaka wa fedha 2022/23 sera hiyo ilifikishwa kidato cha tano na sita. Mwaka 2021, kupitia fedha za mpango wa kukabiliana na athari za UVIKO-19, Serikali ilielekeza ujenzi wa vyumba vya madarasa 15,000, kati ya hivyo 12,000 vikiwa vya sekondari na 3,000 vya shule shikizi. Mafanikio hayo yana faida kubwa kwa taifa. Lakini chumba kipya kisichokuwa na mwalimu mpya hakipunguzi madaftari. Kinawagawa wanafunzi 80 katika vyumba viwili, na mwalimu yuleyule anafundisha mara mbili kile alichokifundisha mara moja.

Anayelipa gharama ya hali hiyo si mwalimu peke yake. Siku ina saa 24, na mwalimu ambaye saa zake zimejaa hulazimika kupunguza kitu. Mara nyingi kinachopungua ni idadi ya mazoezi. Zoezi la pili la wiki halitolewi, au hutolewa na kusahihishwa kwa alama ya vema isiyokuwa na maelezo. Mzazi anayefungua daftari la mwanawe na kukuta kurasa zisizosahihishwa anaweza kudhani ameona uvivu, na pengine ni kweli. Lakini kabla ya kuhukumu, ni haki kuuliza kwanza mwalimu huyo ana madaftari mangapi.

Daraja moja, saa tofauti

Kwa kuwa mshahara hufuata daraja na hautazami mzigo wa kazi, walimu wawili wanaolipwa sawa wanaweza kufanya kazi kwa saa tofauti kabisa. Katika shule za sekondari, upungufu wa walimu wa Hisabati na Sayansi umekuwapo kwa muda mrefu, wakati masomo ya Sanaa yana walimu wengi zaidi. Mwalimu pekee wa Fizikia hufundisha kidato cha kwanza hadi cha nne na kusimamia mazoezi ya maabara. Mwenzake wa daraja hilohilo, katika somo lenye walimu watano, huweza kuwa na vipindi vichache kwa wiki.

Hali hiyo huonekana pia kati ya mijini na vijijini. Ndiyo maana msawazo wa walimu kwa kuzingatia ikama, jambo ambalo halmashauri zimekuwa zikielekezwa kulifanya, ni suala la haki ya malipo pia. Kumhamisha mwalimu mmoja kutoka shule yenye ziada kwenda shule yenye upungufu hupunguza saa za wale anaowakuta. Jambo la kuzingatia ni kwamba mwalimu anayehamishwa naye alipwe stahiki zake za uhamisho kwa wakati, vinginevyo haki ya wengine inakuwa imegharamiwa kutoka mfukoni mwake.

Yapo majukumu ambayo Serikali imeyatenganisha na mshahara na kuyalipia peke yake. Walimu wakuu wa shule za msingi hulipwa posho ya madaraka ya Shilingi 200,000 kwa mwezi, na wakuu wa shule za sekondari pamoja na waratibu wa elimu kata hulipwa Shilingi 250,000. Usimamizi na usahihishaji wa mitihani ya taifa nao una malipo yake. Hii inaonyesha kuwa kazi inayozidi ufundishaji wa kawaida inaweza kutambuliwa na kuwekewa thamani, pale inapokuwa na jina na mipaka inayofahamika. Kusahihisha kwa usiku, zamu za mwisho wa wiki katika shule za bweni na vipindi vya ziada vya jioni bado havijapata mipaka hiyo.

Dunia inasemaje

Suala hili si geni wala si la Tanzania peke yake. Tarehe 5 Oktoba 1966, mkutano ulioitishwa mjini Paris na UNESCO kwa ushirikiano na Shirika la Kazi Duniani (ILO) ulipitisha Pendekezo kuhusu Hadhi ya Walimu, na ndiyo sababu Siku ya Walimu Duniani huadhimishwa kila Oktoba 5. Pendekezo hilo linaelekeza kwamba saa za kazi za walimu zipangwe kwa kushauriana na vyama vyao, na kwamba upangaji huo uzingatie idadi ya wanafunzi ambao mwalimu anawahudumia, muda wa kuandaa masomo na kusahihisha, idadi ya masomo tofauti anayofundisha kwa siku, na muda wa kuzungumza na wazazi. Mambo hayo ndiyo yaleyale yanayoonekana katika mfano wa mwalimu wa madaftari 240.

Nchini Uingereza, masharti ya kitaifa ya walimu wa shule za umma za England yamejaribu njia ya kuandika saa waziwazi: mwalimu wa muda wote anaweza kupangiwa kazi na mkuu wake kwa saa zisizozidi 1,265 katika siku 195 za mwaka. Kadhalika, hutengewa angalau asilimia 10 ya muda wake wa kufundisha kwa ajili ya maandalizi na kusahihisha. Hata hivyo, masharti hayohayo yanamtaka afanye saa nyingine zitakazohitajika ili kutimiza wajibu wake, bila malipo ya nyongeza, na malalamiko kuhusu saa ndefu hayajaisha huko. Funzo lake ni kwamba kuandika saa kwenye karatasi kunasaidia, lakini hakutoshi ikiwa kazi yenyewe haijapunguzwa.

Yaliyopita na yaliyobaki

Tanzania ina kumbukumbu ya namna mjadala huu unavyoweza kufikia pabaya. Mwishoni mwa Julai 2012, walimu waligoma kupitia Chama cha Walimu Tanzania (CWT), wakidai nyongeza ya mshahara ya asilimia 100 pamoja na posho za kufundishia na za mazingira magumu. Mapema Agosti mwaka huo, Mahakama Kuu, Kitengo cha Kazi, iliamua kuwa mgomo huo haukuwa halali, na walimu wakarejea madarasani. Madai hayo yalihesabiwa kwa asilimia za mshahara. Saa za kazi hazikuwekwa mbele, ingawa ndizo ambazo pande zote zingeweza kuzihesabu pamoja na kukubaliana juu yake.

Tangu wakati huo yapo yaliyobadilika. Upandishaji wa vyeo, uliosimama kwa muda kuanzia mwaka 2016 wakati wa uhakiki wa watumishi, ulirejeshwa. Hili lina uzito wake katika hesabu ya saa, kwa kuwa mwalimu aliyestahili kupanda cheo na hakupandishwa alifanya kazi ya ngazi ya juu kwa bei ya saa ya ngazi ya chini. Kulipwa kwa malimbikizo ya aina hiyo ni kurejesha thamani ya saa zilizokwisha kutumika.

Kinachobaki ni kuzifanya saa zionekane. Ratiba ya shule tayari inaonyesha vipindi vya kila mwalimu. Rejista zinaonyesha idadi ya wanafunzi. Mfumo wa kielektroniki wa usimamizi wa utendaji kazi wa watumishi wa umma (PEPMIS) unaorodhesha majukumu ambayo mtumishi hupimwa kwayo. Taarifa hizi zikisomwa pamoja, halmashauri inaweza kufahamu ni mwalimu gani amebeba madaftari 300 na ni yupi amebeba 60, na kuamua kwa haki aongezewe nani msaada. Katika mabaraza ya majadiliano ya pamoja, nayo, vyama vya walimu na Serikali vinaweza kuweka mezani si asilimia peke yake, bali pia idadi ya vipindi, ukubwa wa madarasa na muda wa maandalizi.

Nafasi ya mwananchi

Mwananchi anayetaka kujua kama mwalimu wa mtoto wake analipwa kwa haki hahitaji kuona hati yake ya mshahara. Anaweza kuuliza maswali matatu katika kikao cha wazazi au kupitia kamati ya shule: mwalimu ana vipindi vingapi kwa wiki, anafundisha wanafunzi wangapi kwa jumla, na anatoa mazoezi mangapi yanayosahihishwa. Idadi ya wanafunzi ikizidishwa kwa mazoezi, na kisha kwa dakika 2, hutoa muda wa kusahihisha kwa wiki. Muda huo ukijumlishwa na ule wa vipindi, maandalizi na majukumu mengine, jibu litakuwa juu au chini ya saa 47.

Likiwa chini na madaftari hayasahihishwi, mzazi ana haki ya kuhoji, na mwalimu mkuu ana wajibu wa kujibu. Likiwa juu, kamati ya shule ina hoja yenye tarakimu ya kuipeleka kwa mratibu wa elimu kata na kwa Mkurugenzi wa Halmashauri, ya kuomba walimu zaidi katika ikama ya shule hiyo. Mwalimu naye ambaye cheo au stahiki zake zimecheleweshwa anaweza kufuatilia kwa mwajiri wake na katika ofisi ya Tume ya Utumishi wa Walimu ya wilaya yake.

Kalenda ya masomo itaendelea kuwa na siku zake 194. Idadi ya saa ndani ya kila siku kati ya hizo ndiyo itakayoamua kama mshahara uliotangazwa Mei Mosi ni wa haki, na idadi hiyo inaweza kuhesabiwa katika kila shule, kuanzia muhula ujao.